Nimelazwa kwa Pombe Ambayo Sijawahi Kuionja

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu za mtu aliyenenepa, anayelala usingizi mnono na ambaye hana raha hata chembe. Naomba msaada wako kabla siku ya jamaa haijafika hapa kituoni, kwa sababu siku hiyo nitasimama mbele ya mke wangu, mama yangu na bosi wangu nieleze jinsi nilivyoacha pombe, na mimi, mshauri, pombe sijawahi kuionja tangu nizaliwe, si bia, si mvinyo, si ile ya kienyeji, hata dawa ya kikohozi ikiwa kali nikimeza kijiko kimoja natafuta ukuta wa kuegemea.

Mimi ni fundi wa lifti, kazi yangu ni kuzihudumia na kuwatoa watu waliokwama ndani yake, shingoni nina ule ufunguo wa pembetatu unaofungua milango yake kwa nje, na simu yangu haizimwi, maana mtu aliyekwama katikati ya ghorofa hakumbuki adabu wala saa, anapiga huku analia, wengine wanatukana, na nikishawatoa hakuna anayesema asante, wanapita mbio kama vile mimi ndiye niliyewafungia. Nikitoka huko nakuta na nyumbani nako wamekwama, kwa sababu mimi ni kifungua mimba na kwetu wanasema mkubwa ni jalala, basi dada akigombana na mumewe naitwa, bomba la mama likivuja naitwa, mjomba akitaka kuhama naitwa mimi na mabega yangu, na mke wangu akiniona tu mlangoni anaanza na kilichoharibika, si kwa ubaya, ni kwa kuwa huo ndio muda pekee anaonipata.

Sasa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ni kinyozi, na mkono wake akiwa hajanywa hauna mfano, ila kumpata hajanywa kulitaka uamke mapema sana. Kuna siku alimnyoa bwana harusi upande mmoja, akaomba ruhusa aende mara moja kununua wembe, akarudi kesho yake, harusi imeshapita na bwana harusi amepiga picha zote akiwa amegeuza shavu lile lile. Baada ya hapo mambo yakaacha kuchekesha, akaanguka kwenye ngazi, akaanza kutetemeka mikono asubuhi, mama akalia, kikao cha familia kikakaa na kukata shauri kwamba apelekwe kituo cha tiba, na nani wa kumpeleka, macho yote yakanigeukia mimi.

Kituo chenyewe kiko nje ya mji, majengo meupe ya chini chini yenye nyasi katikati, na kinaendeshwa na watu wawili, Mama Mlezi ambaye ni muuguzi mstaafu, na Mzee wa Mizizi ambaye ni mganga wa mitishamba, na kuna daktari anayekuja kutupima damu. Tiba yao ni ya kuchanganya, wanasema mwili, roho na akili ni watu watatu wanaolala kitanda kimoja, ukimtibu mmoja ukawaacha wawili watamwamsha. Basi asubuhi tunatembea peku kwenye umande bila kusema neno, tunakunywa dawa ya Mzee ambayo ni chungu mpaka masikio yanaziba, tunajifukiza chini ya blanketi na majani yanayochemka, tunakandwa mafuta mgongoni, mchana tunafinyanga udongo, jioni tunapiga ngoma taratibu, na katikati ya yote hayo tunakaa duara kwenye mikeka tukifundishwa kupumua, kitu ambacho nilidhani nakijua. Sheria ni kwamba mgonjwa aje na ndugu mmoja wa kumsindikiza kwa wiki ya mwanzo, na wote wawili mnaacha simu langoni.

Mshauri, nilipoiacha ile simu mkono wangu ulibaki unaning'inia kama si wangu. Siku ya kwanza nilikuwa nashtuka nikisikia kengele ya chakula, nadhani kuna lifti imekwama. Siku iliyofuata nikalala mchana. Na kwenye duara Mama Mlezi anamfikia kila mtu, anamuuliza "Umelalaje?" halafu ananyamaza, anasubiri jibu, haangalii pembeni, na mimi aliponifikia nikafungua kinywa niseme vizuri tu, nikakuta machozi yananitoka, mtu mzima na kitambi changu, nikasingizia moshi wa majani.

Mdogo wangu yeye alikuwa anateseka kweli, anatapika, anatukana dawa, anamtukana Mzee wa Mizizi na mizizi yenyewe, nami namshika kichwa usiku na mchana, lakini nikimaliza kumshika nakwenda kukandwa mgongo. Wiki ikaisha. Asubuhi ya wasindikizaji kuondoka tuliitwa kwenye duara kuaga, nikasimama nishukuru, nikawatazama wale wagonjwa wamekaa wametulia na blanketi zao, nikakumbuka simu yangu langoni imejaa majina ya watu waliokwama, na kinywa kikanitangulia, nikasikia sauti yangu inasema, "Hata mimi nakunywa. Nakunywa kwa siri."

Halafu Mama Mlezi akaja akanikumbatia, wagonjwa wote wakaja wakanikumbatia, Mzee wa Mizizi akanishika bega akasema alishanijua kwa rangi ya macho yangu, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimepewa kitanda changu mwenyewe, kando ya dirisha.

Mdogo wangu alinivuta nyuma ya jiko. "Kaka, umekunywa lini wewe?"

"Nyamaza."

"Wewe ambaye kwenye sherehe unaomba maji ya uvuguvugu?"

"Nimechoka, mdogo wangu," nikamwambia, "nipe siku chache tu."

Alinitazama sana. Akasema, "Basi mimi nilihitaji kunywa miaka yote hiyo ili nifike hapa, wewe umefika kwa sentensi moja."

Kibaya zaidi kikaja kwenye simu ya ofisini, maana Mama Mlezi alitaka nimwambie mke wangu mwenyewe, yeye akiwa amekaa pembeni. Nilitegemea mke wangu acheke, nilitegemea aseme weye una wazimu rudi nyumbani, na ningerudi, nakuapia, lakini alisema, "Nilijua tu." Akasema zile safari zangu za usiku za kwenda kwenye lifti kumbe zilikuwa na maelezo. Akasema hata ule uchovu wangu, hata kule kusinzia mezani kijiko kikiwa mdomoni, sasa ameelewa. Mama yangu naye akasema alihisi zamani. Bosi akasema pole, afya kwanza, ila nikirudi nitakaa stoo kutoa vipuri, hawezi kumpa mlevi kamba za lifti zinazobeba roho za watu. Mshauri, katika ukoo mzima, ofisi nzima, mtaa mzima, hakuna mtu hata mmoja aliyeshangaa! Nilijitunzia heshima yangu miaka yote, kumbe walikuwa wananisubiri niseme tu. Na sasa wananipenda kuliko zamani, wananitumia salamu, dada ameacha kugombana na mumewe ili asinipe mawazo.

Mdogo wangu amepona. Nasema amepona, alimaliza muda wake, akatoka, akafungua tena kibanda chake cha kunyolea, mikono imetulia, bomba la mama amelitengeneza yeye. Mimi nimebaki, na nimekuwa mgonjwa wa mfano, kwa sababu wenzangu wanaanguka na kuinuka lakini mimi sitelezi, sitamani, sitetemeki, na daktari aliponipima akasema ini langu ni kama la mtoto, Mzee wa Mizizi akapiga makofi akasema "Mnaona?", na hivi ninavyokuandikia picha yangu iko kwenye tangazo la kituo langoni, nimetabasamu, chini wameandika ini jipya kwa mizizi. Nilijaribu kukataa, wakasema ni unyenyekevu.

Nilikuwa nimeshajizoesha hata hilo. Lakini wiki iliyopita nikiwa nafagia langoni alikuja mama mmoja amemshika kijana wake kiunoni, kijana anatetemeka kama mdogo wangu alivyokuwa anatetemeka, na mlinzi akamwambia vitanda vimejaa, arudi baadaye. Yule mama akanitazama mimi, akatazama picha yangu ukutani, akamwambia kijana, "Unaona, mwanangu, mwenzako alipona, na wewe utapona." Kisha wakaondoka taratibu. Tangu siku hiyo kitanda kando ya dirisha kinanichoma.

Na juzi mdogo wangu alikuja kunitembelea. Hakuketi. "Kaka, shemeji ameanza kwenda kwenye kikao cha wake wa walevi. Unajua amewaambia nini? Amewaambia amekuponza yeye, kwa maneno yake ya jioni, kwamba asingekuwa anakudaka mlangoni na shida usingekimbilia chupa."

"Niache nimalize tu, nitamwambia."

"Umalize nini? Mimi niliyekuwa nakunywa nimemaliza, wewe usiyekunywa ndiye unaendelea?" Halafu akasema, na alikuwa ananitazama kama mimi nilivyokuwa namtazama yeye zamani, "Siku ya jamaa utasema wewe, au nitasema mimi."

Mama Mlezi ametugawia karatasi tumwandikie mtu tuliyemkosea. Nimeshindwa nianze na nani, nimekuandikia wewe. Mshauri, nikisema kweli nitamwaibisha mke wangu aliyeshanisamehe, nitamvunja moyo Mama Mlezi, nitamharibia Mzee mizizi yake, na wale wagonjwa walionikumbatia watajiona wajinga. Nikinyamaza, kila mtu ana furaha isipokuwa mdogo wangu. Je, siwezi kuhitimu tu kimya kimya, nikaenda nyumbani nimeshapona, na jambo likaisha?

Ni mimi,
Mgonjwa wa mfano

*

Ndugu fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikitafuta fimbo. Jibu hili nakutumia hukohuko kituoni ulipate mapema. Wasomaji wengine watalikuta gazetini baadaye.

Pole kwanza, na naisema kwa dhati. Umechoka. Hukuchoka juzi wala jana, umechoka miaka, na hukuwa na pa kuupeleka uchovu wako kwa sababu uchovu hauna kituo, hauna kikao, hakuna anayekusindikiza mpaka langoni akikushika kiuno. Mlevi akianguka kwenye ngazi ukoo unakaa kikao. Mchapakazi akisinzia na kijiko mdomoni anaulizwa kama bomba la mama ameshalitazama. Umeona jinsi watu wanavyohurumiwa wakiwa na ugonjwa wenye jina, ukaazima jina. Nakuelewa.

Pole imeishia hapo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Wewe umeficha uzima, na wahenga hawakukuandalia methali kwa sababu hawakudhani utazaliwa. Unaniuliza kama unaweza kuhitimu kimya kimya. Kuhitimu nini, bwana? Unataka upewe cheti cha kuacha kitu ambacho hukukianza? Basi na mimi naomba cheti cha kuacha kuiba ng'ombe.

Umesema ukinyamaza kila mtu ana furaha. Rudia kusoma barua yako mwenyewe. Mkeo anakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya wanawake waliopigwa, walioachiwa watoto, waliouza vyombo vya ndani, na anatubu kwa ajili ya maneno yake ya jioni. Anabeba dhambi ya chupa ambayo haipo. Hiyo unaiita furaha? Unasema unaogopa kumwaibisha. Ameshaaibika, ila hajui kwamba ni bure. Na hilo la kwamba hakushangaa limekuuma, nimeliona, umelipitia haraka haraka na alama yako ya mshangao. Limekuuma kwa sababu ulitegemea akutete. Atakutetea vipi mtu ambaye huwa humwoni? Ameona mume anayetoka usiku, anayerudi hana neno, anayesinzia. Ulimwachia tundu, akaliziba kwa alichokuwa nacho.

Tuje kwenye ini lako, hilo ini maarufu. Sina ugomvi na Mzee wa Mizizi. Kujifukiza kumewapumzisha wengi, kukandwa ni kuzuri, kutembea peku na kupumua hakujamuua mtu, na mdogo wako amepona pale, Mungu ashukuriwe, akiwa na muuguzi pembeni na daktari wa kumpima damu. Lakini mtu mwenye ini bovu kweli atasimama chini ya picha yako, atasema kama yule amepata jipya kwa mizizi, mimi hospitali naenda kufuata nini? Atakunywa ule uchungu, atasubiri ini lake lirudi utotoni, na hawezi kukuuliza siri yako kwa sababu siri yako ni kwamba hukuwa na tatizo. Mtu huyo akifa, wewe utakuwa umetabasamu ukutani. Teremsha hiyo picha kwa mkono wako leo hii, kama ngazi hakuna omba kiti.

Na kitanda. Hapo sina hata utani. Kuna kijana amerudishwa nyumbani anatetemeka, na godoro lake umelilalia wewe. Kazi yako unaijua: ukifika kwenye lifti iliyokwama na kumkuta mtu mzima amekaa ndani kwa hiari yake kwa kuwa kuna kimya na feni, huku nje kuna mgonjwa anasubiri kupandishwa, ungemwambia nini? Ungemtoa kwa sikio. Jitoe.

Usisubiri jukwaa. Ukingoja siku ya jamaa utafanya mchezo wa kuigiza na watu watapiga makofi, na wewe nimeshakujua, makofi yanakupata vibaya. Ukipata barua hii nenda ofisini kwa Mama Mlezi, funga mlango, mwambie yote, na umwombe samahani kwa kitanda kabla ya kitu kingine chochote. Usimwambie ulikuwa na "pombe ya rohoni" au upuuzi wa namna hiyo. Mwambie ulichoka ukasema uongo. Kisha omba simu, mpigie mkeo, na safari hii Mama Mlezi akae nje. Bosi wako aambiwe pia, kabla hajakuzoesha stoo, na ukimwambia mwambie na la pili: kwamba fundi mmoja hawezi kushika simu ya usiku kila siku ya maisha yake, aweke zamu, la sivyo atafute fundi asiyehitaji usingizi.

Nyumbani nako kuna kazi. Bomba likivuja, mama ana mtoto mwingine sasa, mikono yake imetulia, mwachie. Dada na mumewe wamethibitisha kwamba wanaweza kuacha kugombana wakitaka. Mjomba akihama, kuna vijana wa kubeba mizigo. Hukuwa nguzo ya ukoo, ndugu yangu. Ulikuwa mtu asiyejua kusema leo siwezi. Jifunze maneno hayo mawili. Ni machungu kuliko dawa ya Mzee, lakini hayahitaji kulazwa.

Mdogo wako msikilize. Amekushika kichwa kama ulivyomshika wewe.

*

(Barua hii ilitufikia baada ya siku ya jamaa, ikiwa na mwandiko mwingine.)

Mpendwa mshauri,

Mimi ni mke wa yule fundi wa lifti. Usinipe pole, bado sijajua kama naihitaji.

Alikufuata nusu. Alikwenda ofisini kwa Mama Mlezi, akamwambia yote, Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono akamwambia, "Wengi hufika hatua hii, inaitwa kukana. Rudi ukapumzike." Akaomba simu, akanyimwa, kwa sababu mgonjwa anayekana haruhusiwi kuwavuruga watu wa nyumbani. Alipojaribu kuteremsha ile picha wakampa dawa ya Mzee dozi mbili.

Kwa hiyo mimi nilifika nikiwa sijui lolote, nimevaa vizuri, nimekaa mbele na mama mkwe. Wakamwita. Akasimama, akasema, "Mimi sijawahi kunywa pombe." Ukumbi ukapiga makofi. Akasema tena, kwa sauti, "Sikilizeni, hata tone." Makofi yakazidi, mama mkwe akalia, Mama Mlezi akasimama kutueleza kuhusu kukana. Shemeji yangu kinyozi akainuka nyuma kule akasema ni kweli, kaka hajui hata kufungua chupa, watu wakamzomea kwamba anamlinda ndugu yake.

Nikamwona mume wangu amesimama pale, mikono imelegea, na macho nikayafahamu. Yalikuwa macho anayokuja nayo mlangoni kila siku. Nikasimama mimi. Nikamuuliza, "Bia ina ladha gani?"

Akafikiri, masikini, kama mtoto kwenye mtihani. Akasema, "Tamu. Tamu yenye povu, kama soda."

Mshauri, wale wagonjwa wa kweli waliangua kicheko, mmoja akaanguka na kiti, mwingine anapiga kelele, "Huyu hajanywa! Huyu hajanusa!" Daktari akacheka. Mama Mlezi akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Mzee wa Mizizi peke yake ndiye aliyebaki anasema dawa inaweza kumfanya mtu asahau ladha. Picha ilishuka siku hiyo hiyo, na kitanda nimesikia amepewa kijana fulani.

Mimi sikucheka. Njia nzima sikusema naye. Nilimsamehe pombe kwa shida sana, nimelia, nimefunga na kuomba, nimesimama mbele ya wanawake wenye matatizo yao nikawapotezea muda, na sasa msamaha ule hauna pa kukaa, nianze mwingine mpya, wa kumsamehe uongo. Ananiambia alichoka. Najua alichoka, nimeona. Bosi amemrudishia lifti na amemwekea mwenzake wa zamu. Mama mkwe mpaka leo hajakubali, akiingia anamnusa.

Lakini jana usiku, watoto walipolala, tulikaa, akaniuliza siku yangu imekuwaje, nikaanza kumwambia, nikakuta siwezi kumaliza. Nilizungumza mpaka chai ikapoa. Na nikajikuta namuuliza mambo mengine: yale mafuta wanakanda kwa muda gani, ule umande ni baridi sana, blanketi wanatoa wao au unakwenda na lako. Mshauri, nisijifanye. Hicho kituo kinapokea wanawake? Na kama mtu haumwi kitu, anaingiaje?

Mke wa fundi

*

Dada yangu,

Kinapokea. Nimempigia Mama Mlezi mwenyewe. Anasema baada ya siku ile wamepanga chumba kimoja upande wa bustani kwa watu waliochoka tu, kisichogusa vitanda vya wagonjwa, na wewe ni wa kwanza kuulizia. Langoni sema kweli: nimechoka, sinywi. Watakupa blanketi.

Dawa ya Mzee kataa kwa heshima.

Kuhusu nani atabaki na watoto, nani atapika na nani atafua, hilo usiniulize mimi. Kuna fundi hapo nyumbani, amelala vya kutosha.